Jimbo kwa Jimbo: Funzo la Vita vya Ukombozi wa Msumbiji

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyoandaliwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa umma kuhusu mapambano ya wananchi wa Msumbiji dhidi ya ukoloni wa Kireno, 1964 hadi 1974.



Kila mwaka ifikapo tarehe 25 Septemba, wananchi wa Msumbiji huadhimisha siku ambayo mapambano yao ya silaha yalianza. Habari ya siku hiyo husimuliwa kwa ufupi, na ufupi huo umekwisha kuwa mazoea hata madarasani. Inasemwa kwamba mwaka 1964 kikosi kidogo kilichoongozwa na Alberto Joaquim Chipande kilishambulia boma la Wareno huko Chai, katika jimbo la Cabo Delgado. Kwamba mapambano yakaendelea kwa miaka kumi. Na kwamba tarehe 25 Juni, 1975, Msumbiji ikawa huru. Hakuna uongo katika maneno hayo. Lakini mwanafunzi anayeyasikia hivyo tu atadhani kwamba vita vya ukombozi ni kama moto wa nyikani: ukiwashwa mahali pamoja, upepo humaliza kazi iliyobaki.

Sivyo ilivyokuwa. Moto ule uliwashwa katika majimbo manne, na katika majimbo mawili ukazimika mapema. Katika jimbo la tatu uliwaka kwa taabu, ukipita katika nchi kubwa yenye watu wachache. Na mojawapo ya majimbo yale mawili yaliyozimika ndilo lililokuja, miaka minne baadaye, kumtia adui kiwewe. Swali linalostahili kuulizwa ni hili: kwa nini bunduki zilezile, kutoka kambi zilezile, chini ya uongozi wa chama kilekile, zilileta matokeo tofauti kutoka jimbo moja hadi jingine? Anayelijibu swali hilo atakuwa ameelewa vita vyenyewe. Asiyelijibu atabaki na orodha ya tarehe.

Chanzo cha mapambano

Ureno ilikuwa nchi maskini kuliko mabeberu wenzake wa Ulaya Magharibi, na kwa sababu hiyo iling'ang'ania makoloni kuliko wote. Wakati Uingereza na Ufaransa zilipokuwa zikishusha bendera zao, serikali ya Salazar ilikuwa ikitangaza kwamba Msumbiji si koloni bali ni mkoa wa Ureno ulio ng'ambo ya bahari. Kwa mkulima wa kaskazini maneno hayo hayakuwa na maana yoyote. Yeye aliijua Ureno kwa mambo matatu: kodi, kazi ya shokoa, na pamba aliyolazimishwa kuilima na kuiuza kwa bei iliyopangwa na mnunuzi. Wengi walivuka mto Ruvuma wakaingia Tanganyika kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge, na huko wakaona kwamba chama cha wananchi kinaweza kufanya mkutano wa hadhara mchana kweupe.

Tarehe 16 Juni, 1960, wananchi walikusanyika mbele ya boma la Mueda kudai haki zao. Wareno wakawafyatulia risasi. Idadi ya waliokufa imebishaniwa tangu siku ile, lakini maana ya tukio lenyewe haikubishaniwa kamwe na watu wa Mueda: mlango wa maombi ulikuwa umefungwa. Miaka miwili baadaye, tarehe 25 Juni, 1962, vyama vitatu vya wazalendo waliokuwa uhamishoni, yaani UDENAMO, MANU na UNAMI, viliungana mjini Dar es Salaam na kuwa FRELIMO, chini ya uongozi wa Dk. Eduardo Mondlane. Vijana wa kwanza walipelekwa Algeria kujifunza kazi ya vita kwa watu waliokuwa wametoka kuwashinda Wafaransa. Waliporudi waliwekwa Kongwa, na baadaye Nachingwea ikawa shule kuu ya mapambano.

Majimbo manne, mawili yakazimika

Mpango wa mwaka 1964 ulikuwa kufungua mapambano katika Cabo Delgado, Niassa, Tete na Zambézia kwa pamoja, ili Wareno walazimike kugawanya majeshi yao. Kwenye ramani mpango huo ulikuwa mzuri. Ardhini mambo yalikuwa mengine.

Hebu atazame mtu ramani ya nchi hiyo. Malawi imeingia ndani ya Msumbiji kama kabari, Niassa ikiwa upande mmoja na Tete upande wa pili, na Zambézia ikiwa kusini mashariki. Risasi zilizoshushwa bandarini Dar es Salaam ziliweza kuvuka Ruvuma na kuingia Cabo Delgado au Niassa. Lakini ili zifike Tete au Zambézia ilipasa zipite Malawi, au zizunguke kupitia Zambia. Malawi ilipata uhuru mwezi Julai 1964, lakini serikali ya Dk. Banda ilichagua kusikilizana na Wareno, ambao reli na bandari zao ndizo zilizokuwa njia ya biashara yake kwenda baharini. Zambia, kwa upande wake, ilikuwa bado haijapata uhuru; siku yake ilikuwa tarehe 24 Oktoba, mwezi mmoja baada ya risasi za Chai.

Wapiganaji wa Tete na Zambézia kwa hiyo walijikuta katika hali ya mtu aliyetumwa sokoni bila kikapu. Hawakuwa na njia ya kuletewa silaha, wala ya kuwaondoa majeruhi. Na zaidi ya hayo, kazi ya kuwaeleza wananchi kabla ya risasi ya kwanza ilikuwa bado changa mno kuweza kuwabeba. FRELIMO iliyaacha mapambano katika majimbo hayo mawili na kukusanya nguvu zake kaskazini. Uamuzi huo ulikuwa mchungu, lakini ulikuwa wa busara. Kiongozi anayekubali kwamba mpango wake umeshindwa mahali fulani huwa ameokoa watu. Anayekataa kukubali huwatoa watu mhanga ili aokoe mpango.

Cabo Delgado: mzigo kichwani

Katika nyanda za juu za Wamakonde mambo yalikuwa tofauti. Huko mpakani pako karibu, misitu ni mizito, na Mueda ilikuwa haijasahaulika. Watu walikuwa na ndugu zao upande wa Tanzania, na wengi walikuwa wamekwisha kujiunga na chama kwa siri kabla ya vita. Mpiganaji alipofika kijijini hakuanza kujieleza. Alikuta watu wanamngoja.

Sehemu kubwa ya habari za vita huandikwa juu ya wale walioshika bunduki. Lakini kila bunduki iliyofyatuliwa karibu na mto Messalo ilikuwa imebebwa na mtu. Silaha zilivushwa Ruvuma kwa mitumbwi, na kutoka hapo sanduku la risasi, kombora la mzinga na mfuko wa dawa vilikwenda kichwani mwa mwananchi, siku baada ya siku, kwa njia za miguu zilizobadilishwa kila mara ili ndege zisizione. Wanawake walikuwa sehemu kubwa ya wapagazi hao. Walipoanza kuuliza kwa nini wao wabebe tu na wasipigane, FRELIMO iliunda Kikosi cha Wanawake mwaka 1967. Wakati wa kurudi, njia zilezile zilipitisha korosho, karanga na ufuta ili viuzwe Tanzania, na fedha zake zikanunua nguo, chumvi na majembe.

Hapo ndipo palipozaliwa maeneo yaliyokombolewa. Neno hilo halikuwa na maana ya mahali ambapo Mreno hawezi kufika, maana ndege zake zilifika kila alipotaka. Lilikuwa na maana ya mahali ambapo Mreno hawezi tena kutawala: hakusanyi kodi, haamuru pamba ilimwe, hamwiti mtu shokoa. Badala yake palikuwa na kamati ya kijiji, duka la wananchi, zahanati msituni, na shule chini ya mti ambako mwalimu mwenyewe huenda alikuwa na darasa chache tu kuliko wanafunzi wake. Wareno walibaki katika maboma yao, wakiletewa chakula kwa misafara ya malori iliyokwenda polepole kwa kuogopa mabomu yaliyotegwa barabarani.

Hata hivyo mapambano ya Cabo Delgado yalikuwa na mpaka wake. Kusini mwa Messalo, kuelekea nchi ya Wamakua, maendeleo yalikuwa magumu. Wareno walitia bidii kubwa kuwaambia Wamakua kwamba vita hivyo ni vya Wamakonde, na waliandikisha vijana wengi katika majeshi yao. Kufikia mwaka 1973 zaidi ya nusu ya askari waliopigana upande wa Ureno nchini Msumbiji walikuwa wenyeji. Jambo hilo si la kufichwa. Linaonyesha kwamba ukabila haukuwa hadithi ya magazeti. Ulikuwa silaha iliyofanya kazi, na chama kililazimika kupambana nao kwa hoja, wala si kwa kuukana tu.

Niassa: nchi kubwa, watu wachache

Niassa ndilo jimbo kubwa kuliko yote ya Msumbiji, na wakazi wake ni wachache kwa ukubwa huo. Mpiganaji aliweza kutembea siku nyingi bila ya kumwona adui. Lakini pia aliweza kutembea siku nyingi bila ya kuona shamba. Wareno walipochoma vijiji na maghala, watu walitawanyika. Wengine waliingia Malawi, wengine wakavuka kuja Tanzania na kupokewa katika makazi ya wakimbizi kama Muhukuru, mkoani Ruvuma, kama wenzao wa Cabo Delgado walivyopokewa Rutamba, mkoani Lindi. Kila familia iliyokimbia ilikuwa nyumba moja pungufu ya kumlisha mpiganaji. Njaa ikawa adui wa pili.

Ni Niassa pia ambako Filipe Samuel Magaia, kiongozi wa ulinzi wa FRELIMO, aliuawa mwezi Oktoba 1966 kwa risasi ya mtu wa kikosi chake mwenyewe. Nafasi yake ilishikwa na Samora Machel. Pamoja na misiba hiyo, jimbo hilo lilitoa ushahidi mkubwa kuliko ushindi wowote wa silaha: mwezi Julai 1968 FRELIMO ilifanya Mkutano Mkuu wake wa pili huko Machedje, ndani ya Niassa, kwenye ardhi ya Msumbiji. Chama kilichofanya mkutano wake katika nchi ambayo mkoloni anadai kuitawala kilikuwa kimekwisha kuijibu hoja ya mkoloni.

Ukombozi wa nani?

Ilikuwa katika mwaka huohuo, 1968, ambapo hatari kubwa ilitokea ndani na si nje. Mwezi Machi ghasia zilizuka katika Taasisi ya Msumbiji mjini Dar es Salaam, ambako vijana wa FRELIMO walikuwa wakisoma, na shule ikafungwa. Ugomvi ulihusu swali ambalo kila mwalimu analifahamu: je, elimu humpa mtu deni kwa wenzake, au humpa haki ya kuwaacha? Chama kilisema mwanafunzi yupo kwa ajili ya mapambano. Wapo vijana waliosema masomo kwanza, na vita waachiwe wengine.

Huko Cabo Delgado ugomvi ulihusu maduka. Lazaro Nkavandame, aliyewahi kuunda ushirika wa wakulima wa pamba katika miaka ya 1950 na ambaye kwa heshima hiyo alikuwa mwenyekiti wa jimbo, alisimamia biashara ya maeneo yaliyokombolewa. Alishutumiwa na wenzake kwamba yeye na wasaidizi wake walikuwa wakiwauzia wananchi kwa bei ya kuwanyonya, na kwamba mapato hayakuwa yakirudi kwenye mapambano. Maana ya shutuma hiyo ilikuwa nzito. Ikiwa mwananchi aliyebeba risasi kichwani anakuta chumvi dukani kwa bei ya Mhindi au ya Mreno wa jana, basi ni nani aliyekombolewa?

Tarehe 22 Desemba, 1968, Paulo Samuel Kankhomba, kamanda aliyetumwa kwenda kurekebisha mambo ya Cabo Delgado, aliuawa alipokuwa akielekea kuvuka Ruvuma. Tarehe 3 Februari, 1969, Dk. Mondlane alifungua kifurushi cha posta mjini Dar es Salaam, na bomu lililokuwamo likamuua. Muda mfupi baadaye Nkavandame alivuka na kujisalimisha kwa Wareno. Wareno walimtangaza kwa shangwe, wakitumaini kwamba Wamakonde wote watamfuata. Hawakumfuata. Njia za miguu za kutoka Ruvuma ziliendelea kupitisha mizigo. Watu walikuwa wamezoea kutotawaliwa, na mazoea hayo hayakuwa mali ya kiongozi mmoja kuweza kuondoka nayo.

Fundo lililokatwa mahali pasipo kamba

Mwezi Machi 1970 Jenerali Kaúlza de Arriaga alipewa amri ya majeshi yote ya Kireno nchini Msumbiji. Aliamini kwamba vita vinaweza kumalizwa kwa pigo moja kubwa huko kaskazini. Operesheni yake aliiita Nó Górdio, yaani Fundo la Gordio, kwa kukumbuka hadithi ya kale ya Alexander ambaye, aliposhindwa kulifungua fundo, alilikata kwa upanga.

Operesheni ilianza tarehe 1 Julai, 1970, wakati wa kiangazi. Maelfu ya askari walikusanywa katika nyanda za Mueda: askari wa miguu, makomando, askari wa miavuli, mizinga, ndege na helikopta, pamoja na matingatinga ya kufyeka msitu na kukata barabara. Shabaha ilikuwa kambi kubwa za FRELIMO za Cabo Delgado. Kambi zilitekwa. Silaha na vyakula vilikamatwa, picha zikapigwa, na magazeti ya Lisbon yakaandika kwamba ugaidi umevunjwa mgongo.

Lakini kambi ni nini kwa jeshi la wananchi? Ni vibanda, mahandaki na ghala. Wapiganaji waligawanyika katika vikundi vidogo wakapenya kati ya mistari ya Wareno. Matingatinga yalifungua barabara, na barabara hizo zikawa mahali papya pa kutega mabomu. Jenerali alikuwa ameteka kilima na kukiita ushindi. Tena, ili akiteke kilima hicho alikuwa amekusanya upande mmoja nguvu ambazo zingehitajika upande mwingine. Wakati upanga wake ulipokuwa hewani huko Mueda, kamba ilikuwa ikifumwa Tete.

Tete: mlango wa pili

FRELIMO ilikuwa imefungua upya mapambano ya Tete tarehe 8 Machi, 1968. Safari hii kikapu kilikuwapo. Zambia ilikuwa huru, na ingawa ilikuwa na hofu zake, kwa kuwa biashara yake nayo ilizungukwa na tawala za walowezi, ilikubali wapiganaji wapite. Silaha zilikwenda kwa malori kutoka Dar es Salaam hadi Zambia, kisha kwa miguu hadi ndani ya Tete. Muhimu zaidi, makada walitangulia mbele ya silaha. Walikaa na wananchi, wakaeleza, wakasikiliza, ndipo risasi zikafuata. Kosa la mwaka 1964 halikurudiwa.

Tete lilikuwa jimbo ambalo Ureno haikuweza kulipoteza. Huko, kwenye mto Zambezi, mwaka 1969 ulitiwa saini mkataba wa kujenga bwawa la Cahora Bassa, ambalo umeme wake ungekwenda Afrika Kusini ya makaburu. Bwawa hilo lilikuwa fungate ya ubeberu: fedha na makampuni ya nchi kadhaa yakiwekwa pamoja katika zege moja, ili nchi hizo zote ziwe na sababu ya kutaka Ureno ibaki. FRELIMO haikuweza kulizuia bwawa lisijengwe, na ni vyema kusema hivyo wazi. Lakini ililazimisha kila mfuko wa saruji usindikizwe na bunduki, na kwa kuwalazimisha Wareno kulilinda bwawa, iliwafungia hapo askari wengi ambao hawakuweza kuwa mahali pengine. Mwezi Novemba 1970, miezi michache baada ya Fundo la Gordio, wapiganaji walivuka kusini ya Zambezi. Ziwa, mto na bwawa havikuwa tena ukuta.

Wareno walijibu kwa kuwakusanya wananchi kwa nguvu katika vijiji vya seng'enge, ili mpiganaji asipate wa kumlisha. Kufikia mwisho wa vita karibu watu milioni moja nchini Msumbiji walikuwa wamefungiwa katika vijiji hivyo, mbali na mashamba yao. Hapo mkoloni mwenyewe alikiri, kwa vitendo, kile alichokikana kwa maneno: kwamba anayepigana naye si kikundi cha majambazi kutoka ng'ambo ya mpaka bali ni wananchi.

Na pale ambapo seng'enge haikutosha, yalifuata mauaji. Tarehe 16 Desemba, 1972, makomando wa Kireno waliingia katika vijiji vya Wiriyamu, Chawola na Juwau, kusini mwa mji wa Tete, wakaua wanaume, wanawake na watoto. Waliouawa walikadiriwa kuwa karibu mia nne. Mapadri wa misheni walikusanya majina ya marehemu mmoja mmoja. Tarehe 10 Julai, 1973, habari hiyo ilichapishwa katika gazeti la The Times la London, siku chache kabla ya Waziri Mkuu wa Ureno, Marcelo Caetano, kufanya ziara Uingereza. Ureno ilikana kwamba kijiji hicho kipo. Lakini orodha ya majina ni shahidi mgumu kumnyamazisha, na tangu siku hiyo marafiki wa Ureno walianza kuona haya kuonekana nayo.

Reli ya Beira

Mwezi Julai 1972 mapambano yaliingia Manica na Sofala, kiuno cha nchi. Huko kuna barabara na reli inayoiunganisha bandari ya Beira na nchi iliyoitwa wakati ule Rhodesia. Walowezi wa Rhodesia walielewa maana yake upesi kuliko Wareno, maana kupitia Tete wapigania uhuru wa Zimbabwe walikuwa wamepata njia ya kuingia kaskazini mashariki ya nchi yao, na kuanzia mwezi Desemba 1972 mashamba ya huko yalianza kushambuliwa. Jimbo moja lililofunguliwa na ndugu mmoja likawa mlango wa nyumba ya ndugu wa pili.

Mwezi Januari 1974, baada ya mashambulizi kwenye reli na karibu na mashamba ya walowezi, Wareno wa Beira waliandamana. Hawakuandamana dhidi ya FRELIMO. Waliandamana dhidi ya jeshi lao wenyewe, wakawazomea maofisa na kuwarushia mawe. Maofisa vijana, waliokuwa wakipigana Angola tangu 1961, Guinea-Bissau tangu 1963 na Msumbiji tangu 1964, walitukanwa na walewale waliotumwa kufa kwa ajili yao. Miezi mitatu baadaye, tarehe 25 Aprili, 1974, maofisa wa aina hiyo waliiangusha serikali ya Caetano mjini Lisbon.

Wapo wanaosema hadi leo kwamba Msumbiji ilikombolewa na mapinduzi ya Lisbon na si na wapiganaji. Hoja hiyo hugeuza mambo kichwa chini miguu juu. Ni kweli kwamba Lourenço Marques haikutekwa kwa silaha, na kwamba kusini ya nchi haikusikia mlio wa mizinga. Lakini kilichowachosha maofisa wale si usomaji wa vitabu. Kiliwachosha kipindi baada ya kipindi cha utumishi katika vita visivyo na mwisho, jimbo hili likifungwa na lile likifunguka. Na hata baada ya mapinduzi, utawala mpya wa Lisbon ulipotaka vita visimame kabla ya kukubali uhuru, FRELIMO ilifungua upya Zambézia mwezi Julai 1974, na tarehe 1 Agosti ngome nzima ya Wareno huko Omar, karibu na Ruvuma, ilijisalimisha, askari zaidi ya mia wakavushwa mto kuletwa Tanzania. Tarehe 7 Septemba, 1974, Mapatano ya Lusaka yalitiwa saini.

Deni lililobaki

Ndugu wasikilizaji, ushindi huo ulikuwa mkubwa, lakini mazungumzo ya walimu hayawezi kuishia kwenye shangwe. Vita vilivyopiganwa jimbo kwa jimbo viliacha nchi iliyokuwa na uzoefu tofauti jimbo kwa jimbo. Kaskazini ilijua chama kilichokuja na daftari, dawa na hoja. Sehemu nyingine zilikijua chama kilipokwisha kuwa serikali, kikaja na amri. Pale ambapo watu walikuwa wamesikilizwa kabla ya kuongozwa, utii ulikuwa wa hiari. Pale ambapo waliongozwa bila kusikilizwa, malalamiko yalizaliwa, na majirani wenye nia mbaya wakayapalilia. Rhodesia, na baadaye Afrika Kusini ya makaburu, ziliunda na kulilisha jeshi la RENAMO, na vita vya miaka kumi na sita, 1977 hadi 1992, vikabomoa shule na zahanati ambazo mapambano yalizijenga.

Tena, hofu iliyozaliwa na usaliti wa mwaka 1968 na 1969 haikuisha vita vilipokwisha. Nkavandame, na Uria Simango aliyekuwa makamu wa Mondlane, walikamatwa, na katika miaka iliyofuata uhuru waliuawa bila ya hukumu ya mahakama. Makosa ya Nkavandame yalikuwa makubwa. Lakini chama kilichopigana ili mtu asiadhibiwe kwa amri ya bwana shauri kilipaswa kuwa cha kwanza kudai kwamba hata msaliti afikishwe mbele ya hakimu.

Na Cabo Delgado yenyewe, jimbo lililobeba mzigo wa kwanza kichwani, tangu mwezi Oktoba 2017 imeona mapigano mapya: mwezi huo watu wenye silaha waliushambulia mji wa Mocímboa da Praia, na mwezi Machi 2021 wakaushambulia mji wa Palma, karibu na miradi mikubwa ya gesi. Maelfu waliuawa, mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Wauaji hao hawana haki yoyote ya kujifananisha na wapiganaji wa Chai. Wao huwachinja wanakijiji ambao wapiganaji wa Chai waliwategemea. Lakini swali la zamani la duka limerudi likiwa na sura mpya. Kijana anayeona utajiri ukichimbwa mlangoni kwake na kupitishwa bila ya yeye kuugusa atauliza lile lile lililoulizwa mwaka 1968: ni nani aliyekombolewa? Jeshi ni la lazima mahali ambapo watu wanachinjwa, lakini Fundo la Gordio linatufundisha kwamba jeshi peke yake huteka kambi tu.

Mwalimu atakaposimama mbele ya darasa tarehe 25 Septemba, basi, asimalizie kwenye risasi ya Chai. Awaonyeshe wanafunzi ramani. Awaulize kwa nini Zambézia ilizimika na Mueda ikawaka, kwa nini Tete ilishindwa mwaka 1964 ikafaulu mwaka 1968. Na mtumishi wa umma aliyepelekwa wilaya ya mbali, ambako mpango uliochorwa makao makuu unamshinda, akumbuke kwamba wapo waliowahi kuwa na bunduki, na ujasiri, na haki upande wao, wakashindwa kwa sababu walifika kabla ya kueleza. Waliporudi walitanguliza kikao, wakafuatisha silaha. Jimbo lilelile likawapokea.